Mvinyo wa Kinole Ulipokwama Tunduma

Shangazi yangu Felista hutengeneza mvinyo wa mananasi huko Kinole, milimani Uluguru. Dereva mmoja wa lori alimpelekea chupa Bwana Banda, mwenye hoteli ndogo upande wa Zambia. Banda akampigia shangazi simu, akataka katoni za kuanzia. Shangazi alikuwa hajawahi kuvuka mpaka, akaniomba nimsindikize.

Alfajiri tulipanda basi stendi ya Msamvu, Morogoro. Shangazi alikataa katoni ziwekwe kwenye buti, akazibana miguuni. Mikumi abiria walisimama kutazama tembo, yeye hakuinuka. Makambako baridi ilipokaza, kwa khanga yake alizifunika chupa, mwenyewe akajikunyata.

Tunduma tulilala gesti. Asubuhi mpakani, afisa wa upande wa Zambia, kijana mpole, aliinua chupa kwenye mwanga.

“Shikamoo mama. Cheti cha maabara ya kwetu kiko wapi?”

“Marahaba. Hiki hapa, cha Tanzania. Wameupima.”

“Nimekiona, lakini hapa hakitoshi. Lazima upimwe tena kwetu, na lebo iwe ya Kiingereza.”

“Utapimwaje huko kama hauingii?”

Afisa akaona haya. “Ninyi piteni tu, mama. Chupa zibaki.”

Tukaziacha gesti, tukavuka mikono mitupu. Bwana Banda alitukaribisha chai. Rafuni kwake zilipangwa chupa za mvinyo wa Afrika Kusini na wa Ulaya. Shangazi alizitazama moja moja.

“Hizi zimetoka mbali kuliko Kinole,” alisema.

“Wenyewe wana mawakala wa kuwahangaikia, mama. Mvinyo wako nautaka. Nitakutafutia wakala apeleke sampuli maabara.”

“Itachukua muda gani?”

“Sijui. Nisikudanganye.”

Jioni alivuka nasi hadi Tunduma, tukafungua chupa yetu moja mgahawani. Glasi ya pili alijimiminia bila kukaribishwa. Ndipo shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

Tuliporudi Kinole, jirani alitukuta tukishusha katoni. “Kumbe wameukataa? Haukuwa mzuri?”

“Waliokataa hawakuuonja,” shangazi alijibu, akaingia ndani.

Mimi nilidhani bidhaa ikiwa nzuri hujifungulia njia yenyewe. Nimeona njia ikifungwa kwa upole kabisa, na mtu asiye na ubaya wowote, huku mnunuzi akisubiri ng'ambo.

Kesho yake shangazi aliniita mezani, kalamu mkononi, lebo tupu mbele yake.

“Nanasi liandike kwa Kiingereza chao,” alisema. “Kinole usiitafsiri.”