Nyumba Kumi na Mbili

Juzi, kwenye duka la kuchapa barua hapa mtaa wa Karama, huku ugenini Uarabuni, mzee wa Kiyemeni alikuwa akimtajia mchapaji historia ya kijiji chao cha milimani. Mpwa wake kasimama pembeni, mkono kiunoni.

"Andika nyumba kumi na mbili za Mayahudi, wafua fedha. Jumamosi hawagusi moto, nami mtoto ndiye niliyekuwa nikiwawashia. Nikifa, hakuna wa kuwataja."

"Walishahama, mjomba."

"Makaburi yao yamehama?"

Mpwa akamwinamia mchapaji, akanong'ona, "Badala yao weka mafundi wapita njia. Yalla, fanya upesi."

Mzee hajui kusoma. Karatasi ilipotoka akanipa mimi niliyengoja zamu. "Bibi, nisomee majirani zangu."

Herufi za Kiarabu nilifundishwa chuoni, Unguja. Nikaipekua juu hadi chini: mafundi wapita njia tu. Mpwa ananikazia macho.

"Wamo," nikasema.

Mzee akaikunja taratibu, akaitia kifuani.

Nilidhani watu hufutwa na wafalme na majeshi. Kumbe yatosha mpwa mwenye haraka, na ajuza aliyeona haya kumliza mtu mzima dukani.