Alimlenga Nani

Kaka yangu alirudi kutoka mgodi wa dhahabu wa Geita na kikohozi, blanketi na mtalimbo. Kule mgodini alikuwa akivunja mawe, na chuma kile alikizoea kuliko jembe. Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Mto wetu, upande wa Shinyanga, ukabaki mchanga mtupu, nasi tukawa tunachimba visima humo humo mtoni. Kaka alinichimbia kimoja, maana mume wangu alikuwa mbali akichunga mifugo na mimi nilikuwa na mtoto mgongoni.

Siku hiyo nilikuwa nateka maji, kaka akiwa shimoni anaongeza kina. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja na ng'ombe.

"Shemeji, ngoja kwanza nijaze mtungi," nilimwambia.

"Mimi nitangoja. Hawa je?" alinijibu, akicheka.

Hakuwa mtu mbaya. Ng'ombe walinusa maji wakasukumana, ukingo ukabomoka, na mchanga ukafukia kazi ya kutwa nzima. Kaka alitoka shimoni amejaa tope, anapiga kelele, mtalimbo mkononi. Shemeji alikuwa amesimama katikati ya ng'ombe wake. Nikaona chuma kinaruka. Dume moja lilishtuka likakwepa, chuma kikampata shemeji, akaanguka.

Kaka alimfikia kabla yangu. Alimwinua kichwa akawa anamwita kwa jina la utotoni, kwa sababu walichunga pamoja walipokuwa wadogo. Hakuitika.

Kaka hakukimbia. Alifuata njia hadi kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akasema, "Nimeua mtu." Askari wakaja wakamchukua.

Mimi nikabaki kwa wakwe zangu. Hakuna aliyenifukuza. Mama mkwe aliacha tu kula nilichopika. Nilisonga ugali, nikautenga, nikauondoa. Miezi ilikwenda hivyo. Mume wangu aliporudi alilia sana, na kuhusu kaka yangu hakuniuliza neno.

Jaji alipofika Shinyanga mjini nikaitwa, kwa kuwa niliyeona nilikuwa mimi peke yangu. Kabla sijaondoka, mama yangu mzazi alikuja akanishika mikono. "Sema alimrushia ng'ombe," aliniambia. "Ukisema vingine, umemmaliza ndugu yako." Mama mkwe alikuwa akipepeta mtama pale karibu, na alisikia. Hakuinua kichwa. "Aseme alichoona," alisema.

Tulikaa barazani mwa mahakama siku nyingi, tukiitwa na kurudishwa. Miguu ilinivimba. Mkalimani, mtu mpole aliyevaa kaptura ya khaki, alitueleza kwa Kisukuma kwamba hakuna anayebisha kama shemeji alikufa au nani alirusha chuma. Kinachotafutwa ni kusudi. Akikutwa alikusudia, atanyongwa. Akikutwa hakukusudia, atafungwa. Nilimwelewa vizuri. Nilichoshindwa kuelewa ni wapi wangekwenda kulitafuta kusudi hilo, kwa kuwa mtoni halikuonekana.

Zamu yangu ikafika.

"Alimlenga nani?" wakili wa serikali aliuliza, na mkalimani akanigeuzia maneno.

"Niliona chuma kinaruka."

"Kuelekea kwa nani?"

"Ng'ombe walikuwa pale, na shemeji alikuwa pale."

"Wewe ni dada yake. Unamjua. Moyoni mwake alitaka nini?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa amekonda, shati la jela limemning'inia. Mama yangu alikuwa nyuma, na mama mkwe alikuwa nyuma. Ningeweza kusema ng'ombe. Neno lilikuwa mdomoni.

"Sijui," nilisema. "Alikuwa amekasirika. Halafu alimlilia."

Kaka naye walimuuliza kama alitaka yule mtu afe. Mkalimani akarudia swali.

"Nilikasirika," alijibu.

"Hujaulizwa kama ulikasirika."

"Sina jibu lingine, bwana."

Wazee wa baraza walitoa maoni yao mmoja mmoja, na hawakukubaliana. Mwishoni jaji alisoma kwa muda mrefu, na mkalimani akatupa maneno machache: ameua bila kukusudia, afungwe. Mama yangu alipiga magoti palepale sakafuni kwa kushukuru. Mama mkwe aliniuliza, "Wamesemaje?" Nikamweleza. "Kwa hiyo mwanangu amekufa bila mtu kutaka," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyebeba kuni tangu asubuhi na bado hajaona paa la nyumba yake.

Jioni tuliyofika nyumbani alichukua tonge la ugali wangu, akalitafuna polepole. Tulikula pamoja tangu siku hiyo, bila maneno mengi.

Kaka alitoka jela nywele zimeanza mvi. Hakukaa kijijini. Alikwenda Maganzo kujaribu bahati kwenye almasi, na mara moja moja nilimpelekea unga. Siku moja, tukiwa tumekaa kivulini mwa kibanda chake, nilimuuliza, maana hata mimi swali lile lilikuwa limenichosha.

"Kaka, ulimrushia nani?"

Alikohoa muda mrefu kwanza.

"Wamekwisha kuniuliza mno, dada. Mwanzoni nilikuwa najua, nadhani. Kule jela nilikirusha kile chuma kila siku kichwani. Leo kwa ng'ombe, kesho kwake. Sasa namna zote mbili naziona sawasawa, na sijui ipi ilikuwa ya kweli."

Sikumsukuma zaidi. Nilimmiminia unga ndani ya debe, nikakung'uta mfuko. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu na jua lilikuwa bado kali, basi nikajitanda kanga kichwani nikaanza kutembea.