Khainza, Mwandika Damu

Khainza hakunywa chai ameketi. Kila asubuhi alitoka na kikombe chake cha bati akazunguka ua wetu pale Masese, akipuliza, akinywa, akitupia jicho njia inayotoka ziwani. Mama alimcheka.

"Keti basi, Mgisu we! Chai haina miguu."

Naye alijibu bila kusimama, "Askari walipoingia kwetu Mbale, waliokuwa wameketi ndio waliochukuliwa."

Vita vilikuwa vimetuacha na kuhamia kaskazini, serikali mpya ilikuwa na mwaka na kitu, lakini miguu ya Khainza ilikuwa haijapata habari.

Alipanga chumba kilichopakana na chetu. Mama yangu, Fatumah, alikuwa muuza mukene, vile visamaki vidogo tunavyoanika juani. Khainza aliandika katika kliniki moja karibu na soko la Jinja. Wanzala, mpima damu, alichungulia kwenye darubini akasema alichokiona. Khainza alikiandika kwenye karatasi ya mgonjwa, na pembeni akaweka namba. Kila ugonjwa ulikuwa na namba yake. Mwisho wa mwezi namba zilijumlishwa zikapelekwa Kampala, na kutoka Kampala lilirudi sanduku la dawa. Malaria ikiwa nyingi, sanduku zito. Damu iliyoharibika kwa namna nyingine haikuletewa kitu.

Kwa hiyo Daktari Kirunda, mkuu wa kliniki, aliagiza: damu yoyote mbaya, iwekwe namba ya malaria. Hakuwa mwizi. Kwa sanduku lile wengi wa Masese walipona, na mimi nimo.

Mdogo wangu Magidu ndiye ambaye hakupona. Vidole vilimvimba, macho yakawa ya njano, akilia ukimgusa tu goti. Kila tulipompeleka tulirudi na vidonge vya malaria, na kila karatasi ilikuwa ya mkono wa Khainza. Mama hakujua maana ya zile namba. Khainza aliijua. Akaanza kuzunguka ua hata jioni, bila kikombe.

Siku moja alimwomba Wanzala aiache damu ya Magidu chini ya kioo mpaka kesho yake. Ilipotazamwa, chembe zake zilikuwa zimepinda kama mundu.

"Siko seli," Wanzala akasema. "Huyu kazaliwa nayo. Malaria mnamsingizia tu."

Mbale kulikuwa na daktari mmoja aliyetibu watoto wa namna hiyo. Lakini alipokea yule tu ambaye karatasi yake imeandikwa hivyo na kupigwa muhuri. Wengine walirudishwa langoni. Na barabara ya Mbale ilikuwa na vizuizi vya askari. Mama alisema ataipita mara moja, ya pili hana moyo nayo.

Tukaenda kliniki, Magidu mgongoni. Kwenye benchi walikuwapo kina mama wengine wawili. Damu za watoto wao nazo zilikuwa zimelala chini ya kioo cha Wanzala, nazo zimepinda.

Kirunda aliinua karatasi ya Magidu, ambayo Khainza alikuwa ameiandika siko seli. "Namba gani hii?"

"Ndiyo yake, Daktari."

"Najua ni yake! Mimi sikusoma? Ukiandika hivi kila mtoto, mwezi ujao tunaletewa nusu sanduku, na mvua hiyo inakuja. Wenye malaria utawapa nini, malewa?"

Wanzala akaangua kicheko, maana malewa, yale machipukizi ya mianzi, ndiyo sifa ya Wagisu. Khainza hakucheka. Alitazama dirisha, kisha mlango, kisha dirisha tena.

"Hapo sina la kusema," akasema. "Ila huyu ukimpa kwinini tena, utamzika na kwinini yake."

Daktari alimtazama Magidu. Akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga.

"Huyu mmoja, kwa sababu ni jirani yako. Hao wa benchi, malaria. Tumeelewana?"

Mama alipiga magoti kushukuru. Nikadhani yamekwisha. Lakini mmoja wa wale wa benchi, Nabifo wa Buwenge, aliinuka na mtoto wake.

"Na wangu je? Wangu hana jirani hapa."

Khainza alivuta karatasi ya mtoto wa Nabifo, kisha ya yule mwingine, akaandika siko seli na namba yake. Akaenda kwenye meza ya daktari, akachukua muhuri, akagonga mwenyewe.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Naandika damu, bwana."

"Nitazifuta!"

Khainza alikuwa amekwisha kuwapa wenyewe. "Hizi zinakwenda Mbale, huzipati. Lakini za kesho utazifuta, na mimi nitaandika, na wewe utafuta. Tutachoshana mpaka lini? Tafuta mwingine wa kukuandikia malaria."

"Nyinyi Wagisu," Kirunda akasema, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka, "mnadhani kila jambo ni kisu cha tohara. Kaza meno, simama, basi umekuwa mtu."

"Kisu kingekuwa afadhali, Daktari. Kisu ni mara moja."

Mama alimshika mkono. "Dada, twende wote basi. Si ni kwenu?"

"Nyinyi tangulieni. Askari wakiuliza kizuizini, waonyesheni muhuri, msiseme maneno mengi."

Akamrekebishia Magidu kanzu begani. Akatoka kabla yetu, akapenya katikati ya wauza ndizi, mwendo wake uleule wa kuzunguka, ila safari hii alikwenda moja kwa moja. Kirunda alisimama mlangoni akaita, "Khainza! Rudi tuzungumze!" Kichwa cha Khainza kilionekana mara moja upande wa pili wa soko, kisha hakikuonekana. Kliniki hakurudi. Masese pia hakurudi.