Kadi Isiyo na Jina

Kitabu cha mchezo wetu wa vita vya mezani kilinichosha. Kila afisa Mzungu alikuwa na kadi yake: jina, tabia, hata ugonjwa wa tumbo. Upande wetu uliandikwa "morani ishirini", basi, kama mbuzi wa mnada.

Nikapaka rangi kisanamu kimoja cha morani hapa kwangu Kitengela, nikitaka nacho kiwe na kadi yake, kisha nikaenda Bisil kumuuliza nyanya habari za babu yake, aliyegoma kuhama Wazungu walipokuja kuhamisha watu. Nyanya alinipa kila kitu: hasira zake, mguu uliochechemea, vile alivyoogopa nyuki.

"Na jina lake, kokoo?"

"Sisi hatutaji mtu aliyekufa."

Nikabembeleza, nikapandisha sauti, nikamwambia huu ni mchezo tu.

"Kama ni mchezo, jina lake unalitakia nini?"

Nikarudi na kadi yenye kila kitu isipokuwa jina. Jumapili, dadu zikamwangusha kabla hata hajafika kwenye mto uliochorwa mezani. Rafiki ninayecheza naye akashika kalamu aandike waliokufa.

"Huyu ni nani?"

"Andika morani mmoja."