Mama wa Mifupa

Mama wa maabara husafisha mifupa iliyogeuka mawe kwa mswaki laini, na kila mmoja huuamkia kwanza: "Shikamoo." Vumbi likigoma, hulipuliza polepole kama analitoa kwenye jicho la mtoto. Siku profesa alipobandika karatasi iliyoandikwa "nyani" kwenye jino dogo la kale, mama alilipapasa kwa kidole gumba.

"Huyu si nyani, mwalimu. Ni mtoto wa watu."

"Umejuaje?"

"Mjukuu wangu kang'oka la namna hii juzi."

Profesa alicheka, akapima. Alipopima mara ya tatu, kicheko kilikuwa kimemwisha. Akaibandua karatasi. Mama alikuwa keshalilaza jino kwenye pamba, anavuta sinia la pili la mifupa.

"Mama yake hayuko mbali," alisema. "Tumtafute."