Madafu Niliyompelekea Baba Mkwe

Jamani, msinicheke kwanza, maana hadi leo nikiingia vichochoro vya Mji wa Kale natembea nimeinamisha kichwa, na wauza madafu wa ufukweni Mama Ngina nawapita mbio.

Baba mkwe wangu, Mzee Athmani, ni mgonjwa wa figo, husafishwa damu kwa mashine. Siku hiyo natoka kazini Shimanzi kwenda kumjulia hali, mke wangu Zuhura akanipigia simu kunionya: "Usimpelekee chakula, Baba ana miko." Nikaitikia vizuri tu. Lakini nyinyi niambieni, mkwe ataingiaje ukweni mikono mitupu na wazee wamejaa barazani wanamtazama? Nikajiambia dafu si chakula, dafu ni maji, tena tangu utotoni tunaambiwa huosha figo. Nikanunua manne.

Mzee alikuwa na kiu (maji yenyewe alikuwa akipimiwa kwa kikombe, nami niliona wanamwonea), akalimaliza la kwanza kwa mkupuo mmoja, nikamkatia la pili. Basi nikaanza kuwahutubia wazee jinsi dafu linavyofagia figo, nao wakiitikia kwa vichwa, mmoja akasema, "Zuhura kapata mume." Kichwa kikanivimba.

Tuliporudi kutoka kuswali Alasiri tukamkuta Mzee kashika kifua.

"Mwanangu, miguu yafa ganzi. Na moyo huu wapiga ukiruka."

Gari haliingii kichochoro kile, ikabidi tuazime mkokoteni wa jirani, tukamlaza, nikasukuma, na Mama mkwe akayatupia humo madafu mawili yaliyobaki ili daktari ayaone, yakawa yanagongagonga miguuni pa mgonjwa njia nzima. Kila mlango watu wanauliza, "Mzee kafanyani?" na Mama anajibu bila kupunguza mwendo, "Mkwe kamnywesha madafu!"

"Subhanallah!"

Aibu niliiona, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kifua chake tu. Kikiacha kupanda na kushuka, nitamwambia nini Zuhura?

Hospitalini, daktari aliyatazama yale madafu, akanitazama mimi.

"Figo nzima hupima maji na chumvi za mwilini, hubakisha za kutosha na kutoa zilizozidi kwa mkojo, hata asidi ya damu huisawazisha. Zake haziwezi tena. Na dafu lina potasiamu nyingi, ikijaa kwenye damu huvuruga moyo. Umempa mangapi?"

"Mawili," nikasema.

Wakamchoma sindano, wakamuunganisha na mashine, nami nikakaa nje nimepakata madafu yangu kama mtoto, Zuhura, aliyekuja mbio aliposikia, kando yangu analia na hanitazami. Niliogopa siku hiyo kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Mungu alimponya. Nami nimeapa, mgonjwa simpelekei hata tone la maji kabla sijauliza miko yake yote, moja moja.

Ijumaa iliyofuata nikaenda tena. Baraza nzima ikanigeukia, macho yote mikononi mwangu, na Mama mkwe kasimama kuziba mlango. Nikakunjua viganja.

Sauti ya Mzee ikatoka ndani, dhaifu: "Kaja mikono mitupu?"

"Mitupu," Mama akajibu.

"Alhamdulillahi. Basi mpishe aingie."