Siku Niliyompigia Nyar Karungu Sufuria

Siku ile ya sufuria, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ya harusi nakumbuka tu kwamba viatu vilinibana na mvua ikanyesha. Lakini sufuria ile naiona mpaka sasa, ile kubwa ya chai ya kanisa, na nikiikumbuka mwili unanisisimka kana kwamba ndiyo kwanza imetoka mkononi mwangu.

Nilikuwa nimeolewa hapa Uriri, sijafika hata miaka thelathini na mitano, na mimi ndiye niliyekuwa nikianzisha nyimbo katika kikundi cha akina mama kanisani. Sauti nilikuwa nayo, usione sasa nakwaruza. Majivuno nilikuwa nayo pia, tena ya kutosha kumgawia jirani.

Basi akaja mke mpya wa Ochieng', dereva wa lori la miwa kule Awendo. Kwa desturi yetu hatukumwita jina lake. Tulimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa sababu alizaliwa huko kando ya ziwa, kama mimi walivyoniita Nyar Ndhiwa. Alipoketi kwenye ngoma, sijui nikuelezeje. Nyimbo tulizoimba miaka mingi tukidhani tunazijua, yeye alizipigia ngoma tukajikuta tunaziimba upya.

Kabla ya kupiga alivua viatu kila mara, nikadhani ni heshima ya kanisa. Alinikazia macho usoni wimbo mzima, nikadhani ni wivu. Ukimsalimia kutoka nyuma hajibu, nikadhani ni maringo. Unaona mambo yangu? Nilikuwa nadhani tu. Kuuliza sikuuliza hata mara moja.

Alhamisi moja, baada ya mazoezi, alisimama akatuambia kwa mdomo wake mwenyewe.

"Dada zangu, najua mmenikasirikia kwamba siwajibu. Mimi sisikii. Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa darasa la nne, masikio yakafa. Mkitaka kuniambia kitu, nijieni mbele niwaone midomo."

Tulicheka, mwanangu. Tulidhani anatutania.

"Yawa! Hasikii na anaongea hivi?" mmoja wetu akasema. "Si bubu huwa haongei?"

Nyar Karungu hakucheka. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Sisi wakati ule asiyesikia tulimwita bubu, na bubu tulimjua kuwa mtu wa kuonyesha kwa mikono sokoni. Huyu aliongea vizuri kuliko katekista wetu. Halafu ile ngoma, je? Ngoma inapigwa vipi na mtu asiyesikia? Nilirudi nyumbani na mshangao, na kufika Ijumaa mshangao ulikuwa umegeuka shaka.

Shaka ilikuwa na sababu yake. Mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Awendo, yenye darasa la watoto viziwi, alikuwa akitafuta kiziwi mwenzao wa kuwafundisha ngoma. Jumamosi angekuja na wazazi kadhaa kumtazama Nyar Karungu. Naye aliitaka kazi hiyo kwa roho yake yote. Aliniambia, "Nyar Ndhiwa, nilipopoteza masikio, nyumbani walinificha ngoma miaka minne. Walidhani wananihurumia. Sitaki watoto hao wakae hivyo."

Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema: kumbe! Kumbe huu uziwi umekuja na kazi.

Jumamosi ikafika. Wageni wakaketi kwenye viti vya mbele, Nyar Karungu akavua viatu, akapiga wimbo mmoja mpaka mzazi mmoja akajifuta machozi. Alipomaliza, akiwa amewaelekea wageni, mimi nilikuwa tayari nyuma yake na ile sufuria na mwiko. Hakuna aliyenituma. Nilijituma mwenyewe.

Niligonga mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka.

Watu walinitazama. Nikaona aibu, na aibu ikanipandisha hasira. Nikaiinua sufuria juu ya kichwa nikaiachia kwenye sakafu ya simiti. Nyar Karungu akageuka papo hapo.

"Anasikia!" nikapiga kelele. "Mmeona? Si nilijua! Huyu anasikia kuliko mimi!"

Kanisa zima likalipuka kwa kicheko. Wengine wakaanza kusema mwongo, mwongo. Mzazi aliyekuwa akifuta machozi akasimama, akasema wamepotezewa siku bure. Mwalimu mkuu alifunga daftari lake. Na Nyar Karungu alikuwa akigeuza macho kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, anasoma. Sisi tulisema tukasahau. Yeye ilimbidi alisome kila neno kwenye nyuso zetu. Kisha akavaa viatu, polepole, akaenda nyumbani.

Nikaiosha sufuria nikijisifu. Ilikuwa imebonyea upande mmoja.

Jumatatu nilipeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Mashine za dizeli unazijua, hapo hata ukitukanwa na mumeo husikii. Nilikuwa nimesimama pekupeku, ndala nimeziacha mlangoni, nikisubiri unga wangu. Odoyo, mwenye mashine, akaniambia kitu. Nikasema, "Eeh?" Akarudia. "Eeh?" Akarudia tena akinyoosha kidole, nami nikatabasamu na kuitikia kwa kichwa kama mjinga. Watu wa foleni wakaanza kucheka.

Mara Nyar Karungu akaingia na karai lake la mahindi. Alimtazama Odoyo mdomoni mara moja tu, akaja akanishika mkono akaupeleka chini ya gunia langu. Lilikuwa limetoboka. Unga ulikuwa unamwagika sakafuni, na ndilo jambo Odoyo alilokuwa akinililia wakati wote ule. Katika nyumba ile nzima, mimi ndiye niliyekuwa kiziwi.

Nilishtuka. Lakini alikuwa hajanimaliza. Odoyo alipozima mashine ili anisaidie kuokoa unga, Nyar Karungu akanielekeza kwenye miguu yangu.

"Umesikia imezimika?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Kwa masikio ama kwa miguu?"

Ilikuwa kweli. Sakafu ilikuwa ikitetemeka mpaka magotini kwangu, na ule mtetemo ulipokoma niliujua mwilini.

"Ukiamka asubuhi unasema unasikia njaa," akaendelea. "Unasema unasikia baridi. Kisu kikikukata unasikia uchungu. Hata kwa Kijaluo tunasema hivyo hivyo. Njaa imeshawahi kukupigia kelele sikioni, Nyar Ndhiwa? Na hakuna anayekuita mwongo. Mimi nikisikia sufuria kwa nyayo zangu, nimekuwa mwongo mbele ya wazazi wa watu. Tena Ochieng' ameniambia uligonga mara tatu kwanza. Mara tatu sikugeuka. Hizo mbona hukuwatangazia?"

Mwanangu, nilikaa chini juu ya gunia la mtu. Mara tatu! Nilikuwa nimeziona kwa macho yangu mwenyewe, na kanisa zima lilikuwa limeziona, na hakuna hata mmoja aliyezitia maanani. Viatu vile alivyokuwa akivua, macho yale aliyonikazia ili ajue wimbo umefika wapi kwa kunitazama mdomo na bega, yote yalinirudia kwa mpigo.

Kesho yake nilikwenda Awendo kwa mwalimu mkuu nikakiri. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Mimi nakuamini, mama. Lakini wale wazazi wameshaondoka na neno mwongo. Nenda ukaliondoe mahali ulipoliweka."

Jumapili nikasimama kanisani na sufuria mkononi. Kabla sijafika katikati ya maneno yangu, mzee mmoja akaruka juu, "Bwana asifiwe! Sufuria imemfungua masikio!" Watu wakapiga vigelegele. Nilitamani kulia na kucheka. Wengine walikuwa radhi waamini muujiza wa sufuria kuliko kuamini kwamba mwanamke asiyesikia amejua ngoma kwa kazi yake mwenyewe. Ilinibidi nirudie Jumapili tatu mfululizo, halafu nikawafuata wale wazazi mmoja mmoja majumbani kwao.

Ilichukua mwaka mzima kabla hawajakubali. Ndiyo, Nyar Karungu aliipata kazi, na baadaye wanafunzi wake walipiga ngoma Homa Bay pekupeku juu ya jukwaa la mbao, na watazamaji wakaulizana kama wale watoto wamepona. Huwa nawasimulia watu hiyo sehemu kwa sababu ni tamu. Sehemu nisiyopenda kusimulia ni hii: katika darasa lile kulikuwa na msichana wa darasa la nane. Alimaliza shule mwaka ule ule niliouharibu, akaenda zake. Ngoma hakuwahi kuigusa. Nyar Karungu alinisamehe kitambo, lakini msichana yule sikujua nimwombe wapi msamaha.

Sasa masikio yangu nayo yameanza kuniaga. Sauti nene nazisikia, nyembamba zimekwenda. Mlango ukibamizwa najua, wewe ukiniita siku nyingine sijui. Ndivyo masikio yanavyokufa, mwanangu, hayazimwi yote kwa pamoja kama taa.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, ulisimama nyuma ya kiti changu ukapiga makofi. Sikugeuka. Ukawaambia binamu zako kunihusu mimi bibi yenu, "Dani anajifanya tu. Si chai ikiletwa anasikia?" Chai naiona inakuja, mwanangu. Na maneno yako niliyaona kwenye kioo cha kabati. Nyar Karungu huja hapa kila Jumatano kunifundisha kusoma midomo, na yako ndiyo ya kwanza niliyoisoma bila kusaidiwa.

Sikukukaripia, kwa sababu nilishtuka: mkono uliopiga makofi ulikuwa wako, lakini niliutambua. Ulikuwa wangu.

Basi nikuambie ya kushika. Mtu akikuambia hasikii, usimjaribu, hata kwa mzaha. Muulize anasikia nini na wewe ukae wapi. Njoo mbele yake, mwangaza ukuangukie usoni, useme bila kupiga kelele na bila kufunika mdomo. Usimwite bubu. Akiongea vizuri, usimwite mwongo kwa sababu hiyo, na akipiga ngoma vizuri, msifu kwa ngoma. Na ukishamkosea mtu mbele ya watu, usimwombe msamaha jikoni. Rudi pale pale mbele ya watu.

Nasikia uchungu kukuambia haya, nasikia na furaha, na masikio hayamo. Mungu akuzeeshe, mwanangu. Akupe miaka mingi kuliko yangu, na hata masikio yako yakichoka, usikose mtu wa kuja kusimama mbele yako akuangalie usoni anapotamka jina lako. Njoo Jumatano. Vua viatu mlangoni, Nyar Karungu anakuja na ngoma.